Sufuria Kumi na Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilimfundisha mama wa watoto saba jinsi ya kumwogesha mtoto. Ilikuwa mtaa wa Crystal, ghorofa ya tatu, na nilikuwa nimevaa koti jipya la baridi lililonifanya nionekane kama godoro lililosimamishwa. Niliweka karai mezani, nikamtoa mwanasesere wa plastiki kwenye mkoba, nikaanza: kichwa hushikwa hivi, maji hupimwa kwa kiwiko. Yule mama, Mkongo aliyekuwa na wiki tatu tu Marekani, alinitazama kwa adabu kubwa mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na wewe mama, uko na batoto ngapi?"

"Mmoja."

"Mmoja," akarudia kwa sauti ya kunipa pole. Akamchukua yule mwanasesere mkononi mwangu na kunionyesha namna ya kumshika asiteleze.

Huyo mmoja ni Kerubo, na hata yeye aliogeshwa zaidi na mama yangu huko Kisii, kwa sababu mimi nilitangulia huku na yeye akanifuata akiwa na miaka sita. Hilo sikulisema siku ile. Halikuwamo kwenye kitabu cha mafunzo tulichopewa kazini.

Nyinyi mnaobaki ofisini mmeniomba niandike nilichojifunza kwa miaka kumi na tisa ya kutembelea familia majumbani. Vyeo na mshahara nitaviruka. Vyote vilikuwa vifupi. Nitaandika kuhusu ushauri, maana ndio tuliokuwa tukigawa: jiko la umeme, king'ora cha moshi, homa ya mtoto, buti za theluji, na shule inayompigia mzazi simu kwa kila chafya. Niliingia kazini nikitoka nyumba ya wazee, ambako kwa miaka mingi niliwageuza wazee vitandani kama Wakenya wenzangu wengi wa mji huu. Wazee hawakuwahi kuniomba ushauri. Nadhani ndiyo maana nilikuwa nao mwingi kiasi kile.

Aliyenifundisha kazi ni Marlys, muuguzi mwenyeji wa hapa, mwanamke mrefu aliyefuma soksi kwenye kila mkutano. Alikuwa mpole kupita kiasi. Akiona jambo baya kabisa, kwa mfano mtoto mchanga amelazwa juu ya mashine ya kufulia, alisema tu, "Hii ni tofauti," na ilikupasa uelewe kwamba amekasirika. Alinipa kanuni tatu. Vua viatu kabla hujaambiwa. Keti pale unapoonyeshwa. Usifungue kitabu mpaka mwenye nyumba akuulize kitu. Ya kwanza na ya pili nilizishika vizuri sana.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimetafsiriwa Kiswahili na mtu ambaye sijui alijifunzia wapi. Ukurasa mmoja ulieleza kwamba mtoto alazwe kifudifudi dakika chache kila siku, akiwa macho, ili shingo ipate nguvu. Mtafsiri aliuita "Saa ya Tumbo." Nilikuwa nimeshausoma kwenye nyumba kama kumi hivi kabla mama mmoja hajaniuliza, kwa wasiwasi wa kweli, "Na siku ambayo haharishi tunafanyaje?"

Mengine tuliyofundisha yalikuwa ya maana, na mimi mwenyewe sikuyafuata. Niliwaambia akina mama wasifunike king'ora cha moshi kwa mfuko wa plastiki wanapokaanga samaki. Wawashe feni kabla mafuta hayajapata moto na kufungua dirisha kidogo, hata kama nje kuna barafu. Kwangu nyumbani king'ora hakikuwa na betri. Niliwaambia wawasikilize watoto wao. Kerubo aliponiambia hataki kusomea uuguzi, nilimwekea fomu za chuo cha uuguzi kwenye mto wake wa kulalia.

Nilikuwa pia na somo langu mwenyewe, lisilokuwamo kitabuni, nalo lilihusu sufuria. Sikuzipenda hizi nyepesi zilizopakwa kitu cheusi cha kuzuia chakula kisishike. Huwezi kusonga ugali ndani yake. Mwiko unakwangua ule weusi na sufuria yenyewe inazunguka jikoni kama imelewa. Nilikuwa na shemeji huko nyumbani aliyeishi karibu na mafundi wa jua kali, wanaoyeyusha vyuma chakavu na kusubu sufuria nzito, nene, zenye masikio mawili. Niliwahi kuwatazama wakifanya kazi: wanakusanya pistoni, fremu za madirisha, makopo, kila kinachoyeyuka, wanamimina kwenye mchanga, na baada ya muda mfupi wanatoa sufuria ambayo mjukuu wako atairithi. Mimi nikaona hiyo ndiyo afya. Kila nilipokwenda Kenya nilirudi na tatu au nne kwenye sanduku, na familia niliyoitembelea ikipata mtoto, niliwapelekea moja kama zawadi. Nilitoa kumi na moja. Pamoja nayo nilifundisha uji wangu wa wimbi, yaani ulezi: unauchachusha siku mbili, unaupika taratibu, unauacha ndani ya sufuria ukae, na mwisho unakamua limau.

Sasa nifike kwa Mama Riziki.

Alikaa mtaa wa Fridley, yeye, mumewe na binti yao Riziki, kwenye jengo la matofali. Mumewe alifanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha kufungasha chakula. Walitoka Fizi, huko Kongo, wakakaa kambini Tanzania miaka mingi, na Riziki alikuwa wa kwanza wao kuzaliwa huku. Kati ya akina mama wote niliowahi kuwatembelea, huyu ndiye alikuwa mwanafunzi. Wengine walitikisa kichwa na kufanya walivyotaka. Mama Riziki aliandika. Alikuwa na daftari la shule, na nikirudi baada ya wiki mbili aliniambia siku gani alifanya nini. Nilimpenda kwa hilo. Mwalimu yeyote angempenda.

Riziki alipotimiza miaka miwili alipimwa damu kliniki, kipimo cha kawaida cha kidole ambacho watoto wote hupimwa. Nesi alinipigia nimweleze mama majibu kwa Kiswahili, kisha watamwita. Nilikuwa kwenye gari nje ya duka, mwezi wa pili, injini inanguruma ili nisigande. Nikampigia palepale.

"Mama Riziki, habari za nyumbani? Majibu ya damu yametoka. Wamekuta risasi kwenye damu ya mtoto."

Nikasikia redio ikizimwa upande wa pili.

"Mama Riziki?"

"Risasi ya nani?" akauliza.

Kabla sijajibu nikasikia simu ikianguka, kisha mtoto akilia, kisha sauti ya mama ikitoka mbali: "Hakuna tundu! Nimemgeuza yote, hakuna tundu!"

Nilikuwa nimemaanisha madini, yale mazito ya kijivu yanayokaa kwenye rangi za zamani. Kiswahili chetu kinayaita hivyo hivyo, jina moja na kile kinachotoka kwenye bunduki, na mimi katika miaka yangu yote ya kupenda maneno sikuwahi kulifikiria. Nili-drive mpaka Fridley bila kukumbuka barabara. Nilimkuta ameketi sakafuni, Riziki yuko uchi mapajani mwake, na yeye bado anampapasa chini ya makwapa. Baadaye ndipo aliponieleza. Kaka yake alipigwa njiani walipokuwa wanakimbia, na risasi ilikuwa imeingia chini ya kwapa, tundu dogo sana. Walitembea naye nusu siku wakidhani amechoka tu.

Tangu siku ile nasema "sumu ya madini." Nanyi semeni hivyo. Hili ni la kwanza ninalotaka mlichukue, na kama mna haraka mnaweza kuacha kusoma hapa.

Namba ya Riziki, yaani kiasi cha sumu kwenye damu, ilipaswa kuwa karibu na sifuri, lakini ilikuwa kumi na saba. Daktari alieleza kwamba sumu hiyo haimwumizi mtoto kwa namna utakayoiona. Inaingia kwenye ubongo polepole na kuchukua kitu. Mtoto alikuwa na maneno manne tu wakati wenzake walikuwa wanabishana. Mimi nilijua la kufanya, kwa sababu lilikuwa ukurasa wa thelathini na moja. Madirisha. Rangi ya zamani hupukutika kwenye madirisha, vumbi huanguka, mtoto hulamba vidole. Nikamletea Mama Riziki vitambaa na ndoo mbili, nikamfundisha kufuta kwa maji. Akafuta kila siku, akaandika kwenye daftari. Nikamwambia pia ampe mtoto chakula chenye nguvu ili mwili upigane, na chakula gani kinashinda uji wa wimbi? "Mara mbili kwa siku," nilisema. Akaandika.

Kipimo kilichofuata kilikuwa ishirini na tatu.

Nikamwuliza kama anafuta vizuri. Ninalikumbuka swali hilo kuliko mengi niliyowahi kuuliza. Alinyanyua mikono yake, ngozi imepasuka kwa maji na baridi, akanionyesha.

Mwenye jengo alikubali kupaka madirisha upya, na kwa wiki tano za kazi hiyo Mama Riziki na mtoto walihamia kwa dada yake, mtaa wa Oakdale. Walipopima tena, namba ilikuwa imeshuka hadi kumi na nne. Nilifurahi kama niliyeshinda kesi. "Unaona? Madirisha!" Wakarudi Fridley kwenye madirisha mapya yanayong'aa, na baada ya miezi miwili namba ikapanda tena, ishirini na moja.

Ndipo kaunti ilipomtuma mkaguzi, bwana mmoja mrefu mwenye ndevu, mwenye kifaa cha kupimia madini. Kifaa chenyewe kina umbo la bastola kubwa: unakielekeza ukutani, unabonyeza, kinasoma. Safari hii nilishapata akili. Nilimtangulia na kumweleza Mama Riziki mapema atakachokiona. Alikubali, lakini alimpeleka Riziki chumbani na kufunga mlango kabla ya yule bwana kufungua begi. Mimi nilikuwa mkalimani.

Alipima madirisha yote, milango, kuta, hata bomba la bafuni. Hakuna kitu. Alikuwa anaanza kufunga begi Mama Riziki aliposema, "Apime na sufuria."

Alikuwa ameshika zawadi yangu kwa masikio yake yote mawili. Ndani kulikuwa bado na uji wa asubuhi.

"Sufuria haina rangi," nikamwambia kwa Kiswahili. "Tunatafuta rangi."

"Mama Kerubo, nyumba ya dada yangu ni ya zamani kupita hii. Madirisha yake ni mabaya, rangi inaanguka kama majani. Kule namba inashuka. Huku nafuta mpaka mikono inatoka damu, inapanda. Kwa nini? Nimeangalia daftari. Chakula ni kile kile, maji ni yale yale. Kule kwa dada, hii sufuria haiko."

"Lakini sufuria kama hizi..."

"Umuambie apime."

Nikamwambia. Yule bwana akamimina uji kwenye sinki, akaifuta, akaielekezea kifaa. Akasoma. Akaisogeza kwenye mwanga, akapima upande wa pili, akasoma tena. "Naam," akasema, na kwa watu wa hapa hilo ni neno zito. Akaeleza kwamba sufuria imejaa sumu ile, na uji mchachu ukikaa humo huivuta, kisha akageukia upande wa mama na kuuliza sufuria imetoka wapi.

Nikalitafsiri swali. Mama Riziki alikuwa na Kiingereza cha kutosha kuelewa hata bila mimi. Alinitazama, halafu akasema haraka, kwa sauti ya chini, "Umuambie nilikuja nayo kutoka kambi."

Nakiri kwamba nilitamani kulitumia. Lilikuwa jibu zuri. Kambi iko mbali na haina simu. Mimi ningebaki na kazi yangu na jina langu, na huyu mwanamke, ambaye nilikuwa nimemwongezea mtoto wake sumu mara mbili kwa siku, alikuwa ananipa jibu hilo kama mtu anayemsogezea mgeni kiti. Lakini kulikuwa na sufuria nyingine kumi.

"Amepewa na Mama Kerubo," nikasema kwa Kiingereza.

Yule bwana akaandika. "Mama Kerubo ni nani?"

"Ni mimi."

Akaacha kuandika. Alinitazama, akatazama kitambulisho cha ofisi kilichoning'inia shingoni mwangu, akasema, "Hii ni tofauti."

Mkubwa wangu hakunifukuza, ingawa nilikuwa nimeshaandika barua ya kumrahisishia. Alisema nianze kwa kuzikusanya. Nikamwomba Mama Riziki radhi, maneno mengi sana, na yeye akayasikiliza yote kisha akasema atakuja pamoja nami. Nikamwambia si lazima. "Ukienda peke yako," akasema, "utaanza kueleza."

Tukazunguka mji, mimi naendesha, yeye na Riziki nyuma. Kila nyumba aliingia kwanza yeye, akaketi, akasema kilichompata mtoto wake, na mimi nikangoja zamu yangu ambayo kwa kawaida haikufika. Nilitarajia watoto kumi wengine wagonjwa. Watoto wawili kweli walikutwa na namba za juu kidogo, na zilishuka upesi. Wengine wote walikuwa salama. Mama mmoja alikuwa amepanda vitunguu vya majani ndani ya sufuria yangu. Mwingine aliitumia kuzuilia mlango wa gereji. Wa tatu alikuwa anaweka humo chumvi ya kumwaga kwenye ngazi wakati wa barafu, akaona aibu, akaniomba msamaha kwa kutokuipikia. Yule mama wa watoto saba wa Crystal, ambaye wakati huo alikuwa amefika wa tisa, alikuwa ameitupa siku niliyomletea. "Ilikuwa nzito," alisema. Hao watoto waliokolewa na mama zao kwa kutonisikiliza. Aliyeumia ni mtoto wa yule aliyeandika maneno yangu kwenye daftari.

Sufuria zilizopatikana nilizipeleka kwenye kituo cha taka za hatari, pamoja na nne za jikoni kwangu. Kijana wa pale aliuliza kuna nini ndani yake. Nikamwambia hakuna, hatari ni zenyewe. Na mimi nikapimwa. Daktari aliitazama namba yangu, akaniuliza kama nafanya kazi kwenye kiwanda cha betri.

Damu ya Riziki ilichukua zaidi ya mwaka kusafika. Alipata mwalimu wa kumfundisha kusema, mwanamke mvumilivu aliyekuja na vikaragosi. Sasa yuko darasa la tatu, anazungumza bila kituo, kwa Kiingereza, na mama yake akimwuliza kitu kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza vilevile kama watoto wote wa huku. Hesabu zinamsumbua. Huenda zingemsumbua hata hivyo, mimi zilinisumbua. Nilimwuliza daktari mara tatu, miaka mitatu tofauti, ni kipi kilichopotea, na mara zote alisema hakuna anayeweza kujua. Mama Riziki hajawahi kuniuliza. Mimi naona heri angeniuliza.

Ofisi ilipotafuta mtembeleaji mwingine wa familia za Kikongo, nilipeleka jina lake. Mnamjua, kwa hiyo sitamsifu mbele yenu. Nitasema tu kwamba alishika kanuni zote tatu za Marlys bila kuambiwa hata moja.

Nilistaafu mwezi wa tatu. Mwezi wa tano Kerubo, ambaye ni mhasibu na si muuguzi, alijifungua mtoto wa kiume, na mimi nikahamia kwake Crystal kumsaidia. Hospitali ilimwuliza kama angependa mtu wa kumtembelea nyumbani. Nilimwambia ana bahati, anaye tayari, tena mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa. Akajibu kwa Kiingereza kwamba ameshajaza fomu.

Kwa hiyo Jumanne moja saa nne asubuhi kengele ililia, nami nikamfungulia Mama Riziki. Alivua viatu. Aliniamkia kwa heshima zote, akauliza afya yangu, akangoja Kerubo amwonyeshe pa kukaa. Nikaketi na mimi. Mtoto alikuwa usingizini. Mama Riziki akamtazama binti yangu kwa muda, akamwuliza, "Mama, kitu gani kinakusumbua?"

"Ni usiku," nikajibu. "Halali vizuri kwa sababu anamnyonyesha amelala upande mmoja tu, nimemwambia..."

"Mama Kerubo," akasema Mama Riziki taratibu, "nimeuliza mama ya mtoto."

Nikasema naenda kutengeneza chai. Jikoni kwa Kerubo hakuna mlango, ni upenyo tu, na kutoka pale unasikia kila kitu. Mama Riziki alinyamaza tu, akangoja. Kisha Kerubo akaanza kulia, na akaongea kwa Kiswahili, Kiswahili chake kilichovunjika ambacho sikuwa nimekisikia tangu akiwa shule ya msingi.

"Mimi naogopa mtoto," akasema. "Kila siku naogopa. Sijaambia Mum. Nikimwambia, atanipa ushauri."

Nilikuwa nimesimama kwenye sinki nimeshika birika. Nilikuwa na majibu manne tayari, na matatu kati yake, hata leo naamini, yalikuwa mazuri. Nikafungua bomba la maji mpaka mwisho, likapiga kelele kwenye sinki, nikaliacha hivyo hivyo ili waongee bila mimi kusikia.